Waliofundishwa gwaride wakaenda kucheza ngoma



Wiki hii bumu limeingia, kwa hiyo kila mtu ana furaha na hakuna anayesoma. Mimi mwenyewe nimekula chipsi kuku siku tatu mfululizo, na sasa narudi kwenye ugali maharage kwa adabu zote. Lakini leo sikuja na stori za bumu. Kuna jambo limenikaa kichwani tangu semina ya historia ya Jumatano, na nisipoliandika silali.

Tulikuwa tunajadili utamaduni wakati wa ukoloni. Jamaa mmoja wa kikundi chetu, yule anayeongea kama wakili, akasema bendi za matarumbeta na ngoma ya beni ni ushahidi kwamba babu zetu waligeuzwa kasuku. Mjerumani kavaa kofia, na wao wakavaa kofia. Mwingereza kapuliza tarumbeta, na wao wakapuliza tarumbeta. Wakajiita kingi, kaisari, jenerali. Basi, kesi imefungwa. Darasa likacheka, muda ukaisha, tukatoka kuwahi daladala.

Mimi sikubaliani naye, na leo nina nafasi ya kusema bila kukatishwa.

Watu waliopita kwenye bendi za jeshi na za shule za wakoloni hawakutuachia vitabu vya kumbukumbu. Hawakuwa na chama cha wahitimu, hawakukutana hotelini kula na kukumbushana ya zamani. Walichotuachia ni ngoma. Ukitaka kujua walikumbuka nini kuhusu kambi na shule, na waliamua kukifanyia nini kile walichofundishwa, inabidi uisome ngoma hiyo kama unavyosoma barua ya babu. Na ukiisoma vizuri, humuoni kasuku hata mmoja.

Tuanze na jinsi matarumbeta yalivyofika kwetu.

Zanzibar, Sultani Barghash aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888 alikuwa na bendi yake, na wapigaji wake walikuwa Wagoa. Bendi ilikuwa alama ya ukubwa. Mfalme asiye na bendi ni mfalme gani? Watu wa mji walisimama wakasikiliza bure, na sikio halina kodi. Mombasa nako, mwaka 1875, wamisheni wa Kianglikana walianzisha kijiji cha Freretown kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Waliopita Nyali wanaijua ile kengele ya zamani iliyoipa sehemu hiyo jina la Kengeleni. Vijana wa Freretown walifundishwa kusoma, kazi za mikono, na pia muziki wa bendi. Hebu fikirieni hilo kidogo. Mtoto aliyeibwa kwao, akauzwa, akakombolewa baharini, hana ukoo pale pwani, hana mjomba wala shangazi, anapewa ngoma na kuambiwa tembea sawa na wenzako.

Bara huku kwetu walikuja Wajerumani. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alileta askari wa kukodi, wengi wao Wasudani walioandikishwa Misri, pamoja na wengine kutoka kusini, upande wa Msumbiji. Mwaka 1891 jeshi hilo likawa rasmi, ndilo hilo Schutztruppe tunalokaririshwa kila mwaka. Dar es Salaam jeshi likawa na bendi ya askari Waafrika. Na Tanga, miaka hiyo hiyo ya 1890, ikaanzishwa shule ya serikali iliyofundisha kwa Kiswahili na kutoa makarani, walimu na maakida. Ndiyo shule iliyokuwa ikichapa gazeti la Kiongozi. Shule hiyo nayo ilikuwa na bendi ya matarumbeta ya wanafunzi. Januari 27, siku ya kuzaliwa Kaisari Wilhelm wa Pili, ilikuwa siku ya gwaride na bendi kote kwenye vituo vya Wajerumani.

Sasa sisi wa ualimu tunajua kwamba shule inafundisha vitu viwili kwa wakati mmoja. Kipo kile kilichoandikwa kwenye mtaala, na kipo kile ambacho hakuna aliyekiandika lakini mwanafunzi anatoka nacho. Tujiulize bendi ya gwaride inafundisha nini.

Kwa mkubwa, inafundisha utii. Waliopita JKT kwa mujibu wa sheria mnanielewa. Wiki ya kwanza kila kuruti ana mguu wake, mwingine anaanza na wa kulia, mwingine mkono na mguu vinakwenda upande mmoja kama roboti mbovu. Wiki ya tatu hakuna anayefikiri tena. Ngoma ikilia, mguu wa kushoto unakwenda wenyewe. Hiyo ndiyo shabaha: mwili utii kabla kichwa hakijauliza swali. Ngoma kubwa inashika hatua, ngoma ndogo zinajaza katikati, tarumbeta linasema ni wakati wa nini, kuamka, kula, kukusanyika, kulala. Kwenye kambi ya Mjerumani au ya KAR, tarumbeta lilikuwa saa, kengele na sauti ya bwana mkubwa, vyote kwa pamoja.

Lakini kuna upande wa pili ambao bwana mkubwa hakuupanga. Yule anayepuliza tarumbeta anajua siri moja: amri ni sauti tu, na sauti hiyo inatoka kwenye mapafu yake mwenyewe. Afisa mzungu anasimama pembeni, lakini kikosi kizima kinaamka kwa sababu mtoto wa Mnyamwezi kapuliza. Pia anajifunza jinsi ya kuwapanga watu arobaini wafanye kitu kimoja, nani akae mbele, nani atunze vyombo, nguo zifuliwe lini, aliyechelewa afanywe nini. Huo ni ujuzi wa uongozi, jamani. Na ujuzi ukishaingia kwa mtu haumuulizi mkoloni ruhusa ya kutumika.

Hapo ndipo beni inapoingia.

Neno lenyewe ni bendi, limepita kwenye ulimi wa pwani likatoka beni. Ilianza miji ya pwani ya Kenya, Mombasa na Lamu, miaka ya 1890. Vijana wa mtaa walijiunga kwenye vikundi vyenye majina kama Kingi na Skochi, wakatembea barabarani kwa sare, wakipiga ngoma za kigwaride na kuimba mashairi ya Kiswahili ya kupashana. Kwa sababu hii ni pwani, lazima kuwe na pande mbili zinazoshindana, kama ilivyokuwa kwenye ngoma za mitaa tangu zamani. Hilo jamaa yetu wa semina hakulisema. Sare ilikuwa mpya, tarumbeta lilikuwa jipya, lakini kushindana mtaa kwa mtaa kwa ngoma, kwa mashairi na kwa karamu ni jambo la kwao. Walichukua gwaride wakalivisha kanzu ya nyumbani.

Wanawake nao hawakukaa kuchungulia dirishani. Mombasa walikuwa na lelemama, ngoma yao yenye vyama, vyeo na ushindani mkali, na Margaret Strobel ameandika vizuri juu ya wanawake hao katika kitabu chake cha 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa. Mwanamke ambaye serikali haikumjua hata kwa jina, kwenye chama chake alikuwa na cheo, na alipopita watu walisimama.

Tanganyika beni ilikuwa na vyama viwili vikubwa, Marini na Arinoti. Marini, jina linalotokana na wanamaji wa kivita, walijiona ndio waungwana, watu wa mjini, makarani, watoto wa watu. Arinoti walikuwa zaidi watu wa kazi ngumu na wageni wa kutoka bara. Kila chama kilikuwa na viongozi wenye vyeo vya kijeshi na vya kifalme, kuanzia kingi na kaisari kushuka hadi kapteni na sajini, na kila chama kilikuwa na matawi mji kwa mji.

Vyeo hivyo ndivyo vilivyomchekesha jamaa yetu. Lakini angalieni vilifanya kazi gani. Mwanachama alitoa ada. Akiugua, chama kilimtazama. Akifa ugenini, chama kilimzika. Karani wa Tanga akihamishiwa Tabora, hajui mtu, anauliza Marini wako wapi, na jioni ana pa kukaa na watu wa kula nao. Serikali ilimhamisha kama mzigo wa posta; beni ilimpokea kama ndugu. Sasa niambieni, mtu anayejiita kapteni ndani ya chama kinachozika watu anaigiza, au ameshika madaraka ambayo nje ya chama amenyimwa?

Ikaja vita ya 1914. Wajerumani na Waingereza wakapigana kwenye ardhi yetu kwa miaka minne, mpaka Lettow-Vorbeck aliposalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, Novemba 25, 1918. KAR ya Waingereza, iliyoanza vita ikiwa jeshi dogo, ilimaliza ikiwa na askari zaidi ya 30,000. Wapagazi ndio usiseme, walikuwa mamia ya maelfu, na walikufa kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, ndicho kilichotuachia jina la Kariakoo hapa Dar na Kariokor kule Nairobi. Kila Jumamosi tunakwenda Kariakoo kununua viatu vya mtumba na hatuwakumbuki wenye jina.

Kwenye vita hiyo ndipo beni ilipotembea kuliko wakati wowote. Askari, wapagazi, makarani na mateka wa pande zote mbili waliibeba. Kumbukeni kwamba mtu wa Marini alikuwepo kwa Mjerumani na alikuwepo kwa Mwingereza. Vita ilipoisha, waliorudi makwao hawakurudi na nishani nyingi wala pensheni ya maana. Walirudi na hatua, na mluzi, na kumbukumbu ya jinsi gwaride linavyopangwa. Kuanzia miaka hiyo unaikuta beni au watoto wake Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini na ndani kabisa ya Tanganyika, vijiji ambavyo havijawahi kuona bahari.

Na hapa kuna kitu ninachokipenda kuliko vyote. Kijijini hakuna hela ya tarumbeta la shaba. Basi kando ya Ziwa Nyasa watu wakachukua vibuyu, wakavitoboa, wakaziba tundu moja kwa utando wa buibui, ukiimba ndani yake sauti inatoka nzito yenye mtetemo kama tarumbeta. Ngoma hiyo Malawi inaitwa malipenga, na ndugu yake ni mganda, ambayo ndugu zetu wa Mbamba Bay na Liuli wanaicheza mpaka leo. Wanaume wamevaa kaptula na shati jeupe lililonyooshwa, wamejipanga mistari, kapteni yuko mbele, hatua ndogo ndogo, mwili umetulia kama askari anayekaguliwa. Ukiwaona unasema hili ni gwaride. Ukitazama tena unaona mabega yanafanya mambo ambayo sajini yeyote angewapa adhabu ya kuzunguka uwanja.

Kasuku habadilishi shaba kuwa kibuyu, wadau. Kasuku anarudia tu.

Wakoloni wenyewe hawakuona kasuku. Mwanzoni walicheka, kama darasa letu lilivyocheka. Baadaye waliingiwa na wasiwasi. Hawa watu wana matawi kila mji, wana viongozi, wana ada, wanapelekeana barua, na wameyafanya haya yote bila mzungu. Baada ya vita utawala wa Waingereza Tanganyika uliwakataza watumishi wake Waafrika kujiunga na beni. Kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, beni ilijulikana kama mbeni. Mei 1935 wachimbaji wa Mufulira, Nkana na Luanshya waligoma kwa sababu ya kodi iliyopandishwa, na Luanshya watu sita wakauawa kwa risasi. Tume ya uchunguzi ilipoundwa, moja ya maswali yaliyoulizwa ni kuhusu mbeni: hawa wacheza ngoma walihusika vipi kupanga mgomo? Yaani serikali iliyowapeleka watu kwenye gwaride wajifunze kutii ilikuwa sasa inauliza ni nani aliyewafundisha kujipanga. Jibu walikuwa nalo wenyewe.

Sitaki nionekane natetea kila kitu. Jamaa yetu ana sehemu ya ukweli, na haki itendeke. Beni ilikuwa na majivuno. Marini waliwadharau Arinoti kwa macho makavu. Karamu za kushindana ziliwaacha watu na madeni, maana ukichinja ng'ombe wawili na mwenzako akachinja watatu, heshima inadai wa nne. Na kule kujiita kaisari, hata kama ulikuwa na shabaha zako, kunaonyesha kwamba picha ya ukubwa iliyokuwepo kichwani ilichorwa na mwenye bunduki. Hilo lipo. Vijana wasomi wa miaka ya 1930 waliliona pia, wakaiona beni ni mambo ya wazee, wakahamia kwenye dansi. Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932.

Lakini hata hapo, angalieni nyayo. Dansi halikutoka hewani. Ujuzi wa kupuliza shaba na kupiga ngoma za vijiti ulikuwa umepita kwenye bendi za gwaride na kwenye beni. Na baada ya uhuru duara likazunguka kwa namna ya ajabu: vyombo vya dola vikawa na bendi za kuwachezesha watu muziki. Polisi walikuwa na Polisi Jazz, jeshi likawa na Mwenge Jazz, JKT wakawa na Kimulimuli. Wazee wetu walichumbiana kwenye kumbi ambazo mpiga saksofoni asubuhi yake alikuwa kwenye gwaride. Mwulizeni baba mmoja aliyekuwa kijana miaka ya 1970 kuhusu Kimulimuli muone atakavyotabasamu, halafu aangalie kama mama yupo karibu.

Wengi wa haya niliyosema ya beni tunayajua kwa sababu ya Terence Ranger, ambaye alifundisha historia hapa hapa Mlimani kuanzia 1963 hadi 1969, baada ya kufukuzwa na serikali ya walowezi Rhodesia ya Kusini. Kitabu chake cha beni kilitoka 1975. Wakati huo huo hapa chuoni John Iliffe aliwatuma wanafunzi wake wakaandike maisha ya watu wao, na mwaka 1973 ikatoka kazi iliyoitwa Modern Tanzanians. Ndani yake mwanafunzi Daisy Sykes aliandika maisha ya babu yake, Kleist Sykes, aliyezaliwa 1894, mtoto wa askari aliyekuja na jeshi la Wissmann. Kleist mwenyewe alipigana vita ya kwanza upande wa Wajerumani, na baadaye akawa mmoja wa waanzilishi wa African Association, mwaka 1929. Mjukuu akakaa na karatasi za babu, akaandika. Alikuwa mwanafunzi kama wewe na mimi, na leo huwezi kuandika historia ya Dar bila kumtaja.

Kwa nini nasema haya yote? Kwa sababu kumbukumbu za bendi hazipo kwenye nyaraka za serikali kama inavyotakiwa. Nyaraka zitakuambia jeshi lilinunua matarumbeta mangapi. Hazitakuambia aliyepuliza alijisikiaje, alimfundisha nani, wala aliporudi kijijini alifanya nini na midomo iliyozoea shaba. Na wale wa vita ya kwanza wameshaondoka wote. Wa Burma, waliokwenda na KAR kwenye vita ya pili, kumpata mmoja aliye hai leo ni bahati. Waliobaki ni wale wa JKT za mwanzo baada ya 1963, wale wa bendi za shule za miaka ya 1960 na 1970, wale wa polisi na magereza. Hao nao wana miaka sabini, themanini. Kila msiba tunaohudhuria tunazika maktaba, na sisi tuko bize kutafuta desa.

Na jambo lenyewe halijafa, ndiyo maana nasema lina maana. Jumamosi yoyote hapa Dar, kaa barabarani kuanzia saa nane mchana. Utaona pikapu imejaa vijana wenye matarumbeta na ngoma, nyuma yake gari la bibi harusi limepambwa maua, matarumbeta yanalia Bongo Fleva na kwaya na chochote kinachotakiwa. Zanzibar beni bado inatoka harusini, na wana ile nyingine ya vichekesho wanayoiita mbwa kachoka, vyombo vimepondeka, watu wanacheza barabarani mpaka magari yanasubiri. Hakuna hata mmoja kati ya wale vijana wa kwenye pikapu anayejua kwamba anachofanya ni urithi wa askari na watoto wa shule wa karne iliyopita. Lakini mikono inajua.

Nilipokuwa mazoezi ya kufundisha mwaka jana, shule niliyopangiwa ilikuwa na bendi ya ngoma. Ngoma tano, mbili zimetoboka na kuzibwa kwa gundi, na toazi moja lisilo na mwenzake. Kila asubuhi wanafunzi waliingia madarasani kwa hatua, na mwalimu wa zamu alisimama na fimbo kuangalia nani hakunji goti. Kiongozi wa bendi alikuwa binti wa kidato cha tatu, mdogo wa umbo, mkali wa macho. Mwalimu wa zamu alipokuwa anatazama, alipiga gwaride safi kabisa, kushoto, kulia. Mwalimu alipogeuka kuelekea ofisini, yule binti bila kubadilisha uso aliingiza singeli katikati ya gwaride. Mistari miwili tu, kisha akarudi. Shule nzima ilielewa. Mabega mia tatu yakasogea kidogo halafu yakatulia. Mwalimu aligeuka, akaona mistari imenyooka, akaridhika.

Nilisimama pale na chaki yangu nikajua nimeona historia. Hakuna aliyemfundisha yule binti habari za Marini na Arinoti. Lakini amefundishwa gwaride, na mara moja amegundua kile walichogundua wao: kwamba hatua ni ya mwalimu, ila mdundo uko mikononi mwake.

Mwakani wengi wetu tutakuwa tumesimama upande wa fimbo, si upande wa ngoma. Hilo linanifikirisha kuliko swali la kasuku. Tutakapowapanga watoto mistari na kuwaambia watembee sawa, tujue kwamba wanajifunza zaidi ya tunachofundisha. Tukiwa walimu wazuri tutafurahi. Tukiwa walimu waoga tutapiga marufuku singeli, kama wale waliopiga marufuku beni, na tutapata matokeo yale yale waliyoyapata wao.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Likizo hii ukienda nyumbani, mtafute mzee au bibi mmoja aliyewahi kupiga kwenye bendi ya shule, ya kambi, ya polisi, ya kanisa, yoyote ile. Usimuulize ukoloni ulikuwaje, atakupa jibu la vitabuni. Muulize alishika chombo gani. Nani alimfundisha, na kwa lugha gani. Midomo iliuma kwa siku ngapi. Walivaa nini miguuni. Walipokuwa peke yao, mkubwa hayupo, walipiga nini? Hilo la mwisho usilisahau, na simu iwe imewashwa kurekodi. Halafu njooni tusimuliane, chai nitanunua mimi, ila vitumbua kila mtu ajitegemee.

Haya wadau, usiku umekwenda na jirani wa chumba cha pili anagonga ukuta nizime taa, sijui taa yangu inamkera vipi kupitia ukuta. Alamsiki.